Jinsi ya Kuchora na Kueleza Msambao wa Bata Mwitu: Mfano wa Bata-miluzi Mwekundu

Mtu akifungua kitabu cha ndege na kukuta ramani ndogo iliyopakwa rangi kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kushuka mpaka mashariki mwa Afrika Kusini, ni rahisi kwake kuamini kwamba bata anayehusika yumo katika kila ziwa, kila bwawa na kila kinamasi kilichomo ndani ya rangi hiyo. Ramani haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba, kwa ushahidi uliokusanywa mpaka mwaka fulani, spishi hiyo imethibitishwa au inatarajiwa kupatikana ndani ya mipaka ile, katika majira fulani, penye mazingira yanayoifaa. Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu maamuzi mazito, kama vile kutenga hifadhi, kuruhusu uwindaji au kujenga bwawa la umeme, hufanywa na watu wanaoitazama ramani bila kuuliza rangi ile imetoka wapi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa ramani ya msambao, pamoja na maelezo yake, kiasi kwamba kila sehemu iliyopakwa rangi iweze kutetewa.

Hatua zenyewe zinamfaa bata mwitu yeyote, lakini maelezo matupu hayashiki akilini, kwa hiyo nitamtumia bata mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: bata-miluzi mwekundu, ambaye jina lake la kisayansi ni Dendrocygna bicolor. Ndege huyu anapatikana Amerika, Afrika na Asia ya Kusini, na licha ya umbali huo wataalamu hawamgawi siku hizi katika nususpishi (migawanyo midogo ndani ya spishi) yoyote. Anahamahama kufuata maji, hula zaidi usiku, na hufugwa sana katika mabustani ya ndege. Kila ugumu unaoweza kumpata mchora ramani ya mabata unamhusu yeye.

Anza na ndege mwenyewe

Kabla ya kuigusa ramani, hakikisha kwamba kila kumbukumbu utakayoitumia inamhusu ndege yule yule. Bata-miluzi mwekundu ana urefu wa sentimita 45 hadi 53, shingo ndefu na miguu mirefu, kichwa na kifua vya rangi ya mdalasini, mgongo wa kahawia iliyoiva wenye michirizi ya rangi ya kutu, mstari mweusi unaoshuka nyuma ya shingo, na manyoya meupe ya maziwa yaliyojipanga ubavuni. Mdomo na miguu yake ni ya kijivu-samawati. Alama ya kutegemewa zaidi huonekana anaporuka, nayo ni ukanda mweupe wenye umbo la herufi U kwenye mzizi wa mkia, unaotenganisha mgongo wa kahawia na mkia mweusi.

Barani Afrika anaweza kuchanganywa na bata-miluzi uso-mweupe, Dendrocygna viduata, ambaye mara nyingi huchangamana naye katika kundi moja. Ndege mzima wa spishi hiyo hamsumbui mtu, kwa kuwa uso wake mweupe unaonekana kwa mbali, lakini kinda aliyekua hana weupe huo, na mtazamaji aliyeharakisha anaweza kumwandika vibaya. Hapo utazame ubavu: wa uso-mweupe una milia myembamba ya nyeusi na nyeupe ambayo mwekundu hana. Barani Asia ugumu ni mkubwa zaidi, kwa sababu bata-miluzi mdogo, Dendrocygna javanica, anafanana naye sana, isipokuwa kwamba ni mdogo kwa umbo na mzizi wa mkia wake ni mwekundu wa kahawia badala ya mweupe. Kwa maoni yangu, kumbukumbu yoyote ya Asia inayotoka pembezoni mwa eneo linalojulikana, na ambayo haina picha wala maelezo ya mzizi wa mkia, iwekwe kando mpaka itakapothibitishwa.

Pamoja na sura, kusanya majina yote ambayo ndege huyo amewahi kuitwa na wanasayansi. Johann Friedrich Gmelin alimwita Anas fulva mwaka 1789, ikabainika kwamba jina hilo lilikuwa limeshatumika, na ndiyo maana jina linalotumika sasa linatokana na maelezo ya Louis Vieillot ya mwaka 1816 kuhusu ndege wa Paragwai. Baadaye ndege wa Amerika ya Kaskazini waliwahi kutengwa kwa jina la nususpishi helva. Ukitafuta katika hifadhidata au katika makabati ya makumbusho kwa jina moja tu la leo, utaziacha kumbukumbu za zamani zilizoandikwa kwa majina hayo mengine, na mara nyingi hizo ndizo zinazoonyesha mahali ambapo ndege alikuwepo akatoweka.

Kusanya kumbukumbu, na ujue kila moja inasema nini

Kumbukumbu ya msambao ina mambo manne: spishi, mahali, tarehe na ushahidi. Ikikosa moja kati ya hayo haifai kupewa uzito sawa na nyingine. Chanzo kikubwa cha kwanza ni GBIF, hifadhidata ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo inaunganisha sampuli za makumbusho na kumbukumbu za watazamaji kutoka nchi nyingi. Cha pili ni eBird, mfumo ulioanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ornitholojia ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambapo watazamaji wa kawaida huingiza orodha za ndege waliowaona. Faida ya eBird iko katika orodha kamili, yaani ile ambayo mtazamaji anathibitisha kwamba ameandika kila spishi aliyoitambua. Orodha ya namna hiyo inasema pia ni ndege gani hawakuonekana, na kwa mchora mpaka habari ya kutokuwepo ina thamani sawa na ya kuwepo.

Atlasi za ndege zinafanya kazi hiyo kwa utaratibu zaidi. Mradi wa pili wa atlasi ya ndege wa kusini mwa Afrika, unaojulikana kama SABAP2, ulianza mwaka 2007 na umegawa nchi katika miraba ya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya digrii, si ya saa). Mtazamaji hutumia muda uliowekwa ndani ya mraba mmoja na kuandika kila anachokitambua, na kwa kuwa orodha za mraba mmoja hulimbikizana, asilimia ya orodha zenye bata fulani hutoa kipimo cha jinsi anavyopatikana hapo. Mraba uliotembelewa mara nyingi bila bata kuonekana unaweza kuachwa mweupe kwa haki. Mraba ambao haujatembelewa kamwe hauwezi, na ni lazima upewe alama yake ya pekee kwenye ramani yako ya kazi.

Chanzo cha tatu, ambacho kwa mabata kina uzito wa pekee, ni Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Majini, inayoratibiwa na shirika la Wetlands International na iliyoanza mwaka 1967. Hesabu yake kuu hufanyika mwezi wa Januari. Mwezi huo unaamua picha utakayoipata. Katika ukanda wa Saheli, Januari ni kiangazi: vidimbwi vya mvua vimekauka na mabata wamekusanyika katika maji makubwa yaliyobaki, kama vile delta ya mto Senegali, delta ya ndani ya mto Niger nchini Mali na bonde la ziwa Chadi. Ukichora msambao kwa hesabu za Januari peke yake, utapata vituo vichache vyenye makundi makubwa mno na nafasi tupu katikati yake. Mvua zikinyesha mabata wale wale hutawanyika kwenye mabwawa ya muda na nyanda zilizofurika, wakazaliane huko, wakati barabara hazipitiki na watazamaji wamebaki majumbani. Picha ya majira ya mvua haina budi kutafutwa kwingine: katika sampuli za makumbusho zenye mayai au vifaranga, katika ripoti za wakulima wa mpunga, katika atlasi, na katika njia zilizofuatwa na mabata waliofungwa vifaa vya satelaiti.

Pia zingatia saa. Bata-miluzi mwekundu hutafuta chakula zaidi usiku, akichuja mbegu za mpunga na za nyasi za majini kwenye maji mafupi, na mchana hupumzika kwa makundi mahali pengine. Mtu anayehesabu saa nne asubuhi anahesabu mahali pa kulala, na shamba alilokula usiku kucha halionekani katika takwimu zake. Bahati nzuri ndege huyu hupiga mluzi wa silabi mbili anaporuka, na kwa hiyo mtazamaji anayesimama kando ya shamba baada ya jua kutua, au kinasa sauti kilichoachwa hapo usiku, hupata kumbukumbu ambazo darubini haiwezi kuzitoa. Kumbukumbu za sauti ziandikwe kama za sauti, zisichanganywe na zile za kuona.

Safisha kabla ya kuweka nukta

Hifadhidata kubwa zina makosa yanayojirudia, na ukiyajua utayakamata upesi. Weka kumbukumbu zote kwenye ramani ya muda kwa kutumia programu ya kuchorea ramani kama QGIS, kisha tazama nukta zilizoanguka baharini. Nukta iliyo katika Ghuba ya Guinea, mahali latitudo sifuri inapokutana na longitudo sifuri, kwa kawaida ni kumbukumbu isiyo na vipimo ambayo mfumo umejaza sifuri. Nukta iliyovuka ikweta kwenda upande usio wake mara nyingi imepoteza alama ya kutoa: kumbukumbu ya Zambia yenye latitudo ya -15.5 ikiandikwa 15.5 itaangukia Sudani, na kwa kuwa Sudani nayo iko ndani ya eneo la ndege huyu, kosa hilo halitakushtua usipolitafuta kwa kulinganisha vipimo na jina la nchi lililoandikwa. Nukta nyingi zilizolundikana katikati kabisa ya nchi ni dalili kwamba mtu aliyeingiza data alikuwa na jina la nchi tu, akachagua kitovu chake.

Usahihi wa vipimo nao upimwe. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo nukta yenye desimali moja inaweza kuwa imekosea kwa kilomita kadhaa, ilhali yenye desimali tatu inakupeleka kwenye bwawa lenyewe. Kwa ramani ya bara zima desimali moja inatosha. Kwa kutafuta iwapo bata anatumia ziwa fulani au mashamba yaliyo jirani nalo, haitoshi, na ni afadhali kumbukumbu hiyo itumike kwa ramani pana peke yake.

Usifute kitu chochote moja kwa moja. Hamishia kumbukumbu zilizokataliwa kwenye faili tofauti na uandike sababu mbele ya kila moja, kwa maana nukta inayoonekana ya ajabu leo inaweza kuwa ya kwanza katika mstari wa nukta zitakazofuata.

Amua kila kumbukumbu ina hadhi gani

Hapa ndipo ramani nyingi zinapoharibika, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atumie muda wake mwingi. Shirika la IUCN, linalotunza Orodha Nyekundu ya spishi zilizo hatarini, linaitaka kila sehemu ya eneo la msambao ijibu maswali matatu: je, spishi bado ipo hapo, imefikaje hapo, na inapatumia majira gani.

Swali la kwanza lina majibu zaidi ya ndiyo na hapana. Kati ya kuwepo na kutoweka kuna hali ya kushukiwa kutoweka, na hali hiyo ina maana kubwa kwa mabata wanaoishi mahali padogo. Bata wa Madagaska aitwaye Aythya innotata alihesabiwa kuwa huenda ameangamia baada ya kuonekana kwenye ziwa Alaotra mwaka 1991, mpaka mwaka 2006 alipopatikana tena kwenye maziwa madogo ya kaskazini mwa kisiwa hicho, mbali na mahali alipojulikana. Aliyeandika "ametoweka Alaotra" alikuwa na haki, lakini kusema "hayupo Madagaska" kungekuwa kudai kuliko ushahidi, kwa kuwa maziwa yote ya kisiwa hayakuwa yamekaguliwa. Mwaka 2018 mabata waliolelewa kwa mikono ya binadamu waliachiwa katika ziwa Sofia, na sehemu hiyo ya ramani inastahili alama tofauti na ile ya maziwa anamopatikana kwa asili.

Swali la pili ni gumu kwa bata-miluzi mwekundu kwa sababu hufugwa kwa wingi. Ndege mmoja anayeonekana katika bustani ya mji wa Ulaya ana uwezekano mkubwa wa kuwa ametoroka kizimbani kuliko kuwa ameruka kutoka Afrika. Tazama kama ana pete ya kufugia mguuni, kama manyoya ya bawa moja yamekatwa au yamechakaa isivyo kawaida, kama kidole cha nyuma kimekatwa, na kama anawaendea watu kutafuta mkate. Kutokuwepo kwa dalili hizo hakuthibitishi kwamba ni wa porini, lakini kundi la mabata kadhaa waoga, lililotua kwenye kinamasi cha pwani baada ya upepo mkali kutoka upande wa eneo lake la kawaida, lina kesi nzuri zaidi. Kuna wakati jibu la haki ni kwamba asili haijulikani. Mabata-miluzi wekundu walionekana katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakazaliana, kisha wakatoweka, na hata leo ramani inayowahesabu kuwa wamefika wenyewe inadai kitu kisichothibitishwa.

Swali la tatu linahusu majira, na msingi wake ni ushahidi wa kuzaliana. Kuonekana kwa mabata wazima katika majira ya kutaga kunamaanisha tu kwamba huenda wanazaliana. Jozi inayorudi mara kwa mara mahali pamoja na kuonyesha dalili za kujenga kiota inapandisha uwezekano. Kiota chenye mayai, au vifaranga, ndivyo vinavyothibitisha. Bata-miluzi mwekundu kwa kawaida hutaga mayai kama kumi kwenye majani mazito karibu na maji au katikati ya mpunga, dume na jike hupokezana kuatamia kwa wiki nne hivi, na vifaranga hawawezi kuruka mpaka wapate umri wa wiki tisa hivi. Kwa hiyo kifaranga mwenye malaika, yaani manyoya laini ya utotoni, ni hati ya kuzaliwa kwa mahali hapo, ambapo kijana anayeruka anaweza kuwa ametoka mbali. Nao mabata wazima, baada ya kuzaliana, hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja na kukaa wiki kadhaa bila kuruka. Kinamasi kinachowahifadhi wakati huo kina umuhimu ambao hesabu ya Januari haitauonyesha, na kinastahili kutajwa hata kama hakuna kiota hata kimoja.

Neno "mkazi" litumiwe kwa tahadhari. Katika sehemu kubwa ya Afrika bata huyu anapatikana mwaka mzima ndani ya nchi moja, ingawa ndege mmoja mmoja husafiri mbali kufuata mvua. Kwa upande mwingine, wengi wa wale wanaozaliana kwenye pwani za Texas na Louisiana huondoka wakati wa baridi na kwenda Meksiko. Ukiwapa wote rangi moja ya "wakazi", unakuwa umeficha aina mbili za maisha ambazo zinahitaji ulinzi wa aina mbili.

Chora mpaka, na uyaheshimu mapengo

Baada ya kumbukumbu kupata hadhi, zichore kwa tabaka: kuzaliana kwanza, kisha maeneo ya majira mengine, kisha nukta za wazururaji, yaani ndege walioonekana nje ya eneo lao la kawaida, ambazo zibaki nukta na zisiunganishwe na mstari wowote. Unapounganisha nukta za kuzaliana kuwa eneo moja, fuata mazingira. Bata-miluzi mwekundu hutaka maji yasiyo ya chumvi yaliyo mafupi, yaliyo wazi, yenye mimea ya majini, na hasa nyanda za chini zinazofurika pamoja na mashamba ya mpunga. Kwa hiyo mpaka wake unazunguka misitu minene ya bonde la Kongo badala ya kukatiza katikati yake, na katika Amerika ya Kusini eneo la kaskazini, lenye nyanda za Kolombia, Venezuela na Guyana, linatengana na eneo la kusini, linaloanzia mashariki mwa Brazili hadi Paragwai, Urugwai na kaskazini mwa Argentina. Pengo la misitu ya Amazoni ni sehemu ya maelezo, na anayelipaka rangi ili ramani ionekane nadhifu anapotosha.

Pengo la aina hii litofautishwe na pengo la kukosa watazamaji. Njia rahisi ni kuchora, chini ya nukta za bata wako, nukta za ndege wa majini wote walioripotiwa katika kipindi hicho hicho. Mahali ambapo korongo, yangeyange na mabata wengine wameripotiwa kwa wingi lakini bata wako hakuripotiwa, pengo lina maana. Mahali ambapo hakuna aliyeripoti ndege yeyote, kuna uwezekano kwamba hakuna aliyekwenda, na nchi zenye vita au zisizo na barabara huwa hivyo kwa miaka mingi.

Usichanganye vipimo viwili vinavyotumiwa na IUCN. Cha kwanza ni ukubwa wa msambao, ambao hupatikana kwa kuzungushia nukta zote poligoni ndogo kabisa isiyo na kona ya kuingia ndani. Kwa bata wetu poligoni hiyo inameza sehemu kubwa ya bahari ya Atlantiki, na hilo halimaanishi kosa, kwa sababu kipimo hicho kinaonyesha jinsi hatari zinavyotawanyika kijiografia na hakidai kwamba ndege anakaa kila mahali ndani yake. Cha pili ni eneo linalokaliwa, linalohesabiwa kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili yenye kumbukumbu. Vizingiti vya kuhesabiwa kuwa hatarini vinaanzia chini ya kilomita za mraba 20,000 kwa kipimo cha kwanza na chini ya 2,000 kwa cha pili, vikiambatana na masharti mengine kama vile kupungua au kugawanyika kwa makazi. Bata-miluzi mwekundu yuko mbali na vizingiti hivyo, na Orodha Nyekundu inamweka miongoni mwa spishi zisizo na wasiwasi mkubwa. Ukubwa wa eneo, hata hivyo, haumlindi ndege wa mahali fulani.

Weka miaka kwenye ramani

Mpaka wa bata huyu umehama mara kadhaa ndani ya muda ambao watazamaji waliweza kuandika. Mwanzoni mwa karne ya 20 alizaliana California, pamoja na bonde la San Joaquin. Vinamasi vilipokauka na kugeuzwa mashamba alipungua, na kufikia mwishoni mwa karne hiyo walibaki wachache mno upande wa kusini, karibu na ziwa liitwalo Salton Sea. Upande wa mashariki mambo yalikwenda kinyume: katika miaka ya 1950 na 1960 wazururaji walianza kuonekana kwa wingi kwenye pwani ya Atlantiki, na katika miaka hiyo ya 1960 alianza kuzaliana Florida na Kuba. Wakati huo huo, kwenye pwani ya Texas, mbegu za mpunga zilizopakwa aldrini, dawa ya kuulia wadudu, ziliua mabata wengi, kwa kuwa wao hula mbegu zilizopandwa ndani ya maji, na idadi yao iliporomoka mpaka matumizi hayo yaliposimamishwa katika miaka ya 1970.

Ramani moja iliyojumlisha kumbukumbu za karne nzima ingepaka rangi California, Texas, Florida na Kuba kwa pamoja, na picha hiyo ingeficha kwamba alipungua mahali pamoja huku akienea pengine. Gawa data yako kwa vipindi, kwa mfano kabla ya 1950, 1950 hadi 1979, 1980 hadi 1999, na kuanzia 2000, uchore kila kipindi peke yake, kisha uamue ramani ya sasa itegemee kipindi kipi. Ninapendelea miaka ishirini ya karibuni kwa ndege anayehamahama hivi, kwa sababu muda mfupi zaidi unaweza kuangukia ukame mmoja mrefu na kumwonyesha amepungua mahali ambapo amekwenda kusubiri mvua.

Andika maelezo yatakayoambatana na ramani

Ramani bila maneno haijakamilika, kwani rangi haiwezi kueleza shaka. Anza na maeneo ya kuzaliana kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine, fuatisha mienendo ya majira, malizia na wazururaji na sehemu alizotoweka. Kwa bata wetu maelezo mafupi yanaweza kusomeka hivi:

"Huzaliana katika maeneo makubwa yaliyotengana. Amerika: pwani za Texas na Louisiana, Florida, Meksiko na sehemu za Karibi, hadi kaskazini mwa Amerika ya Kusini, tena kuanzia mashariki mwa Brazili hadi kaskazini mwa Argentina. Afrika: kusini mwa Sahara, kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kushuka upande wa mashariki hadi Afrika Kusini, isipokuwa kwenye misitu minene, pamoja na Madagaska. Asia: bara Hindi, hasa Assam na Bangladeshi, hadi Myanma. Wanaozaliana kaskazini mwa Ghuba ya Meksiko wengi huhamia kusini wakati wa baridi. Kwingineko huhamahama kufuata maji. Wazururaji wamefika Kanada. Karibu ametoweka California. Alizaliana Oahu kwa muda, asili ya ndege hao haijulikani."

Chini ya maelezo hayo andika kipindi cha data, vyanzo vyake, tarehe ya kuchora na kanuni uliyotumia kuunganisha nukta. Kisha, kwa kila kipande cha mpaka kinachotegemea kumbukumbu chache au za zamani, ongeza sentensi moja inayosema kinakosa nini, iwe ni picha ya mzizi wa mkia, hesabu ya majira ya mvua au kiota, ili mtazamaji atakayefika huko ajue ni kitu gani hasa akitafute.